Madoa Kwenye Dola ya Baba Yake

Orville Stauffer hukagua sarafu za kale mjini Lancaster, Pennsylvania, na mtu mwenye kinyaa kama yeye sijapata kumwona. Miaka kumi na tisa tumekaa duka moja, bado hunifokea nikifungua mdomo karibu na trei ya sarafu. Mwenyewe hujifunga kitambaa mdomoni. Nami nimeambukizwa: mteja akiinamia sarafu huku anaongea, roho hunichafuka.

Jumanne moja aliingia Bi Arlene Kibler, aliyefiwa na mume miezi miwili nyuma, akaweka mezani dola ya fedha ya mwaka 1884. Upande wa kichwa ulikuwa umejaa vidoa vyeusi, kama umenyewa na nzi.

"Ya marehemu baba," alisema. "Ilikuwa safi. Dwight wangu akaiuza kisirisiri, akaniwekea hii ya bandia. Miaka kumi na moja namwita mwizi, anakataa. Kafa anakataa. Nataka kujua kama nilimwonea."

"Rudi nyuma kwanza, mama. Unaongea umeiinamia sarafu," alisema Stauffer.

Stauffer aliipima uzito, akaijaribu kwa sumaku, akakagua ukingo kwa lenzi polepole. Akaigeuza. Upande wa pili, wenye picha ya tai, haukuwa na doa hata moja.

"Fedha halisi, si bandia. Mumeo hakubadilisha kitu."

Bi Kibler alikaa kitini. "Na huo uchafu?"

"Mate."

"Nini?"

"Mate ya mtu. Tone likirukia fedha, siku hiyo hulioni. Linakula taratibu, baada ya miaka linakuwa doa. Kuna mtu kaongea sana juu ya hii. Tena mtu wa kurusha."

Nilitamani kunawa mikono, na hata sikuwa nimeigusa.

"Basi ni Dwight! Alikuwa akila anarusha mpaka kwenye sahani yangu, mchafu yule!"

"Alikuwa anaitoa yeye?"

"Thubutu! Sikumruhusu hata kuigusa. Kila Sikukuu ya Shukrani naitoa mwenyewe, naiinamia pale mezani, nawasimulia wajukuu jinsi baba..."

Alijifuta midomo kwa kiganja, akakitazama kiganja, akajifuta tena kwa nguvu. Mimi nilirudi nyuma hatua moja, na sikujua ni kwa ajili ya mate au kwa ajili ya ile miaka kumi na moja.

"Madoa yanatoka?" aliuliza, mkono bado mdomoni.

"Hayatoki, mama," alisema Stauffer.