Mluzi wa Kujaribia Cherehani

Mzee Mluzi hakupewa jina hilo bure. Kila cherehani alichokitengeneza alikijaribu kwa kupiga mluzi: mguu unakanyaga, mdomo unaimba, na mshono usipokwenda sambamba na mluzi, cherehani hakirudi kwa mwenyewe. Adui yake mkubwa alikuwa mteja anayetia mafuta ya kupikia kwenye mashine. Yakikaa yanaganda kama gundi, halafu mtu analia eti kauziwa kitu kibovu!

Basi kiharusi kikamkuta kibandani, bisibisi mkononi. Mkono ulirudi kwa mazoezi, lakini mdomo ulibaki umekwenda kombo, na mluzi ukawa upepo mtupu. Vyerehani vikarundikana hadi mlangoni, vizima kabisa, naye akakataa katakata kuvitoa bila kuvijaribu.

Daktari alikuwa amemweleza kwamba lehemu, yaani mafuta ya kwenye damu, ilijikusanya ndani ya mshipa wa shingo, damu ikaganda hapo, na kipande kikaenda kuziba njia ya ubongo. Mzee alisikia neno moja tu: mafuta. Akaficha chupa zote za nyumbani, hata ya mafuta ya nywele ya mkewe. Wakala vya kuchemsha mpaka mama wa watu akamshtaki kliniki.

Daktari alicheka hadi akavua miwani. "Mzee wangu, ubongo wenyewe sehemu kubwa ni mafuta! Punguza ya nyama nono na ya kukaangia. Samaki, karanga, parachichi, kula, vinausaidia. Na kidonge cha kushusha lehemu usikiruke."

"Kumbe nami nimekuwa kama wateja wangu," mzee akanung'unika. "Sijui mafuta yapi yaende wapi."

"Afadhali wao," mkewe akadakia. "Hawajaficha ya nywele."

Mchana huo walikula samaki, na furaha ikarudi mezani. Kisha mkewe akamsogezea cherehani chake mwenyewe. "Jaribu hiki. Kikiharibika, hasara ni yetu."

Mzee akakanyaga, akakunja midomo kama alivyofundishwa kwenye mazoezi. Upepo. Upepo tena. Halafu mluzi ukatoka, mwembamba, umeinama upande, lakini mluzi! Sindano ikaufuata mpaka mwisho wa kitambaa.

"Cherehani kizima," akasema, machozi yakimlengalenga.

"Na fundi?"

"Fundi anavuja upande mmoja."

Mkewe akamfuta mdomo kwa ncha ya khanga, huku akicheka na kulia. "Namchukua hivyo hivyo. Nimemngoja sana."