Fimbo Iliyomfika Pandu

Pandu wa Gando hakujaaliwa mengi, lakini fimbo alijaaliwa. Alilima mashamba ya watu, akachuma karafuu za watu, na nyumba yake ilivuja pembe moja kila masika. Ila zumari ikilia na ngoma ya kirumbizi ikitiwa uwanjani, yeye ndiye aliyeulizwa kwanza. Wazee walidai kwamba alicheza kabla ya kujua kusema. Uongo wa wazee, lakini si wa kuudharau. Hata mke alimpata kwa ngoma. Idd moja alicheza na kijana aitwaye Hija, wakachezeana vizuri mno, mpaka mama yake Hija akasema kwamba anayemchezesha mwanawe namna ile hawezi kumtesa binti yake. Basi Pandu akamwoa Mize, dada yake Hija, na Hija akawa shemegi.

Asiyeijua kirumbizi hudhani ni ugomvi. Wawili huingia kati, kila mmoja na fimbo yake, wakazungukana kwa mdundo wa ngoma, kisha huyu akapiga na yule akakinga. Fimbo hupigwa kweli. Anayempigia mwenziwe kidogokidogo amemdharau. Ikimfika mtu, halalamiki, huinua fimbo yake juu akaendelea, na yaliyotokea uwanjani hayatoki uwanjani. Hija alipiga kama mtu anayeua nyoka, na Pandu alikinga huku akicheka na watazamaji. Watu walivuka bahari kutoka Fundo kuja kuwatazama hao wawili, na jioni mashemegi wakala sinia moja.

Halafu ikaja siasa, ikakaa vitini kama mgeni asiyejua kuaga. Hija aliingia chama cha Hizbu, na hilo alilitangaza mwenyewe. Pandu hakutangaza kitu. Yeye alikuwa akinunua mafuta ya taa kwa Kificho kwa sababu duka la Kificho lilikuwa karibu, na Kificho alikuwa wa chama cha pili, Afro, basi na mafuta yake yakawa Afro, na Pandu naye akahesabiwa humo humo. Alipojaribu kueleza kwamba yeye alifuata ukaribu wa duka, watu walimcheka. Mji ukagawika. Watu hawakuzikana, hawakuteka maji kisima kimoja, na ngoma nazo zikawa mbili: ya wale na ya hawa. Mize, dada wa Hizbu na mke wa Afro, hakujua apike wapi.

Mwaka wa sitini na moja, baada ya uchaguzi wa Januari, wazee wakachoka. Idd ilipofika walitoa amri kwamba ngoma itakuwa moja, atakayekataa akacheze kwao peke yake. Na wafungue nani kama si Pandu na Hija?

Waliingia. Ngoma ikakolea, Hija akazunguka, akainua fimbo, na fimbo ikamfika Pandu juu ya sikio. Tangu waanze kucheza ilikuwa haijawahi kumfika. Damu ikashuka mpaka kwenye kanzu ya Idd. Zumari ikakatika. Pandu akainua fimbo yake juu kama ada inavyotaka, zumari ikaanza tena, wakamaliza mchezo wao. Lakini safari hii yaliyotokea uwanjani yalitoka uwanjani, tena yalitoka mbio.

Watu wa dukani kwa Kificho walisema amepigwa kwa chama chake, aende akashitaki polisi Wete. Watu wa Hizbu nao walisema amepigwa kwa chama chake, na amestahili. Kwa mara ya kwanza mwaka ule pande mbili zilikubaliana jambo. Asiyejua alikuwa mwenye kichwa. Alimuuliza Mize, na Mize akalia, kwa sababu jibu lolote lingemharibia nyumba moja.

Pandu alichukua fimbo akaenda nyuma ya banda la mbuzi, akauigiza ule mzunguko peke yake. Hapa alikuwa Hija, hapa yeye. Fimbo ilitoka kulia, palepale inapotokea siku zote. Sasa yeye alikuwa wapi? Akakumbuka. Mcheza kirumbizi hutazama miguu, maana uso haupigi. Siku ile yeye alikuwa akimtazama Hija usoni, kuona kama mna siasa. Basi huenda kosa lilikuwa lake. Lakini Hija naye, alipoona haikingwi, mbona hakuizuia? Akarudia, akarudia, mpaka mbuzi wakamchoka, na kila mara alitoka na jawabu jingine.

Jambo halikuweza kuachwa hivyo, kwa sababu Mwanapili, binti yake, alikuwa anaolewa baada ya karafuu. Bibi harusi bila mjomba wake ni aibu isiyofutika, na watu wa Kificho walikwisha kusema Hija akija wao hawaji. Pandu aliona kwamba akijua fimbo ile ilikuwa ya nini, atajua la kufanya. Basi akaenda kwa Hija, akamkuta anamenya mihogo, akamuuliza kama alikusudia.

Hija alimaliza kwanza muhogo aliokuwa nao mkononi.

"Sijuwi, shemegi," alisema. "Nkono ulikwenda kama siku zote. Ulipofika ndipo nikajiuliza kama niliutuma. Nikikwambia sikutaka n'takuwa nakuongopea, na nikikwambia nilitaka, pia n'takuwa nakuongopea."

Pandu angefurahi zaidi kuambiwa ndiyo. Mtu mbaya husamehewa. Huyu asiyejijua anafanywa nini? Alikaa, akamsaidia kumenya mihogo iliyobaki, kisha akamwambia aje harusini.

Hija alikuja. Watu wa Kificho nao, waliposikia pilau imeungwa, walikuja. Zumari ikalia, na wote wakataka kuwaona mashemegi. Wakaingia kati. Waligeuka vizuri, wakazungukana kwa adabu, fimbo zikagongana kwa mlio mzuri. Lakini kila Pandu aliposhusha fimbo, mkono wenyewe ulijizuia kabla ya kufika. Na fimbo ya Hija ilipomjia, aliiona ikimngoja akinge. Walingojana hivyo mpaka mwisho, kama watu wawili wanaokutana njia nyembamba, kila mmoja anamwambia mwenziwe apite. Watu wakashangilia, wakinamama wakapiga vigelegele, na mzee mmoja akasema hajapata kuwaona wakicheza kwa heshima kama ile.

Mize akamletea mumewe maji, machozi ya furaha yanamtoka.

"Alhamdulillahi," alisema, "leo mmecheza."

Pandu alikunywa maji yote kwanza.

"Hatukucheza, Mize," alisema polepole, wageni wasisikie. "Tulikuwa tukiogopana."

Mize akamtazama kaka yake kule jamvini. Hija alikuwa anakula pilau na watu wa pande zote mbili, na fimbo yake ameiacha uwanjani, kama kitu asichokihitaji tena.