Ngazi za Enshi

Juzi hapa Garland, ugenini ninakoishi, nilimwona mwanamke akiliacha kochi kuukuu lililokuwa likiuzwa nje ya nyumba. Alitembea polepole, akingoja muuzaji amwite ampunguzie bei. Hakuitwa. Miguu yangu ndiyo iliyochoka.

Nilikuwa mdogo mama aliponipeleka Enshi, mji wa Uchina ambao hata wachuuzi wenzake wa soko la Gikomba waliofuata mali huko hawakuujua. Kwenye korongo la huko, milima ilisimama wima kama kuta, na ukungu ulinuka mahindi ya kuchoma. Wabebaji waliwapandisha watu ngazini kwa viti vya mianzi. Mama, ambaye goti lilimsumbua, alitaka nusu bei. Wakatikisa vichwa. Akanishika mkono, tukaanza kupanda.

"Usigeuke, mwanangu," alininong'oneza.

Nikajua nyuma yetu kuna jambo la kutisha. Nilipanda nikimsikia akihema, na chini wabebaji wakicheka huku wakitafuna mbegu za alizeti. Wachuuzi wa Gikomba wangetuita kabla ya hatua ya tatu.

Tulipofika juu aliketi, akavua viatu. Korongo hakulitazama hata kidogo.

"Kweli hawajatuita?"

"Hawajaita, mama," nikamjibu kwa furaha. "Tumewatoroka."