Kuweka mu Udongo

Mimi fundi Mathe niko na kinywa mubaya, bibi yangu anasemaka vile kila siku. Mais siku ile niliingia kwa Mama Kyakimwa, hapa Butembo, kinywa yangu ilinipita.

Aliniita nimuunganishie cuisinière ya courant, jiko ya umeme. Ilikuwa mupya, ingali mu karton. Bwana yake Ésaïe njo aliinunuaka, juu moshi ya makala ilikuwa inaumiza mama macho. Kisha akaenda kuvuna kakao mu shamba yao upande ya Beni, bauaji bakaingia kule. Ésaïe hakurudi, na maiti yake hapana kuonekana. Miaka mbili sasa. Familia ya bwana ilikataa matanga: "Tutazika nini?" Hii yote nilikuya kuijua kisha.

Mimi niliona nyumba tu. Yo! Nyumba ya wakati ya Babeleji, waya nyembamba ya kuwasha taa tu. Nikatoboa ukuta, nikavuta waya munene toka ku compteur, mita ya courant, mpaka jikoni. Nikatafuta terre, ule waya unaingiaka mu udongo ili courant isiue mutu. Hapana! Hasira ikanipanda, nikapaza sauti:

— Mama Kyakimwa! Miaka yote hii munaikala tu, hapana hata mutu moja aliwaza kuweka mu udongo? Haya gani hii!

Alikuwa anachambua maharagi. Mikono yake ikasimama.

— Fundi, nani alikuambia?

— Nani aniambie nini? Minaona na macho! Ni kazi ya saa moja: unachimba shimo, unaweka, unafunika, basi.

Akaingia mu chumba. Nikawaza amekasirika, nikaenda kuchimba nyuma ya jikoni. Kuinua kichwa, mama amesimama pale na koti ya mwanaume, imekunjwa muzuri, rozari juu yake.

— Koti yake ya misa. Kingine ya Ésaïe sina, papa. Tumuweke.

Akanielezea yote, amesimama vile vile. Nilitaka kusema, mama, mimi nilikuwa nasema waya. Mais macho yake ilikuwa mu shimo. Nilisikia haya, roho ikaniuma, machozi ikatoka.

Nikapanua shimo. Akapiga magoti, akalaza koti polepole, akanyoosha kola. Tukasema Baba Yetu. Akasema udongo ya kwanza inafaa itupwe na mwanaume wa jamaa, na hakuna hata moja alikuya. Basi nikaitupa mimi. Fimbo ya chuma ya terre nikaenda kuipigilia upande ingine ya nyumba.

Saa tisa ya muchana nikawasha. Plaque ya cuisinière ikawa nyekundu, bila moshi. Mama aliiangalia tu, hakuweka sufuria.

— Wasingya, aksanti, papa Mathe, akasema. Donc sasa niko mujane?

— Ndiyo, mama.