Kijito cha Wakwe: Safari ya Tunduma

Kilichonipeleka Tunduma ni oili chafu. Nasema ile nyeusi inayotolewa kwenye injini gari linapofanyiwa sevisi, ambayo mafundi wetu hapa Morogoro huimwaga nyuma ya gereji wakadhani mambo yamekwisha. Nje kidogo ya Tunduma kipo kiwanda kinachoinunua kwenye gereji za barabara kuu, kinaichemsha na kuisafisha hadi iuzike tena, na mwenye kiwanda sasa anataka kukipanua kiwe mara mbili ya kilivyo. Sheria haimruhusu kuchimba hata msingi kabla ya kufanyika tathmini ya athari kwa mazingira. Tathmini nayo haianzi hivihivi. Hutanguliwa na mpango unaosema kitapimwa nini, wapi, msimu gani, na nani ataulizwa. Lisiloandikwa kwenye mpango huo halipimwi. Kazi ya kuuandaa ilipewa ofisi yetu, nami nikachukuliwa kwa upande wa mambo ya jamii.

Kiongozi wetu alikuwa Bi. Kibona, Mndali wa Mbebe kule Ileje, mkemia kwa kusoma na, kama mtakavyoona, mshenga kwa kuzaliwa. Ni mwanamke wa maneno machache, tena anayasema polepole, kiasi kwamba ukiwa na haraka anakuudhi. Mimi nina haraka siku zote, kwa hiyo aliniudhi toka Mikumi mpaka Makambako.

Tulilala Mbeya, asubuhi tukaendelea. Baada ya Mbalizi barabara inapanda, na ukiingia upande wa Ruanda unaanza kuona mibuni. Ilikuwa mwanzoni mwa mvua, mibuni imetoa maua meupe, na harufu yake iliingia garini hata vioo vikiwa vimefungwa kwa ajili ya baridi. Nilimwambia dereva asimame. Bi. Kibona akaniuliza kama naumwa. Nikamjibu kwamba siumwi, nimefurahi tu. Sijui kwa nini watu wa Mbozi hawajisifu kwa nchi yao, maana sisi tungekuwa tumeshawachosha wenzetu.

Mchana tulifika Vwawa, tukaripoti mkoani kama taratibu zinavyotaka, kisha tukala wali kwa maharage yaliyopikwa na mtu anayejua maharage. Kuanzia hapo kwenda mbele malori yalikuwa yamepanga foleni pembeni ya barabara, madereva wanapika chai chini ya matela yao, mmoja ananyoa ndevu kwa kioo cha pembeni. Ndiyo namna ya kujua kwamba Tunduma imekaribia.

Kiwandani tulipokelewa na Mhandisi Godlove, kijana wa Dar es Salaam mwenye buti safi na moyo mzuri. Alitutembeza kwenye mitungi ya kuchemshia, kwenye uwanja wa mapipa, na kwenye shimo la saruji ambako maji ya uwanjani hutenganishwa na mafuta kabla ya kuachiwa. Kisha akatandika ramani mezani. Alikuwa amechora duara kukizunguka kiwanda, hilo ndilo eneo la kuchunguzwa, lakini upande mmoja mpaka wa Zambia ulikuwa umelikata duara kama kisu kinavyokata mkate.

Bi. Kibona aliweka kidole kwenye mstari mwembamba wa bluu.

"Hiki kijito kinaishia hapa mpakani?"

"Hapana, dada. Kinaingia Zambia."

"Kwa pasi gani?"

Mhandisi alicheka, kisha akaacha kucheka. "Bi. Kibona, kule siyo kwetu. Tukianza kuomba vibali vya nchi mbili, ujenzi utaanza lini? Bosi ananipigia simu kila siku."

Bi. Kibona hakubishana naye. Alisema kesho tutawasikia wanaokunywa.

Siku iliyofuata tulikwenda Bondeni, mtaa ulio chini ya kiwanda, kijito kikiupita kabla hakijavuka mpaka. Mwenyekiti alikuwa ameshaita mkutano. Watu walikuja wengi, wasafi, wakatukaribisha vizuri mno. Mimi nikauliza maswali yangu: moshi unawasumbua? Magari? Maji je? Kila swali lilipata jibu moja, "hakuna tatizo," na makofi juu yake. Mhandisi akanitazama kwa furaha. Bi. Kibona hakuwa na furaha hata kidogo. Alininong'oneza kwamba makofi hayo ni ya kumuaga mgeni.

Ndipo akamgeukia mama mmoja aliyekaa mbele na hakupiga makofi. Huyo ni Mama Tabitha, mjane, mkulima wa mboga, ambaye bustani yake inagusa kijito kabisa. Binti yake Tabitha ameolewa ng'ambo, upande wa Zambia, kwa kijana aitwaye Mulenga, na nyumba yao iko kwenye kijito hichohicho. Maji anayochota mama asubuhi, jioni yake mjukuu wake anaoga.

"Na wewe mama, unasemaje kuhusu maji?"

"Mimi siwezi kusema, mwanangu. Maji yakitoka hapa yanakwenda kwa mkwe. Siwezi kumjibia mkwe."

Watu walicheka, wazee wakatikisa vichwa kukubali, na mkutano ukafungwa.

Sasa Mhandisi Godlove ni mtu wa kutatua matatizo. Akiambiwa pampu imekosa boliti, yeye analeta boliti. Aliposikia kinachokosekana ni mkwe, asubuhi iliyofuata alimpigia simu Mulenga, akamsubiri mpakani kwa pikapu ya kiwanda, akamleta moja kwa moja hadi uani kwa Mama Tabitha. Sisi tulikuwa tumeketi pale tunakunywa chai, na mama ameinama anatumiminia.

Mama aliinua macho, akamwona. Birika likaachwa chini, kitenge kikavutwa hadi usoni, naye akatokomea nyuma ya ghala la mahindi. Mulenga naye alikuwa ameshageuka, kaweka paji la uso kwenye mlango wa pikapu, anasema kwa mshtuko, "Yaba! Yaba!" Wazee wawili waliokuwa nasi wakaokota fimbo zao na kuondoka bila kuaga. Mhandisi alibaki katikati ya uwanja kama mtu aliyefungua mlango wa bafu na kumkuta mama mwenye nyumba.

"Nimefanya nini?" aliuliza.

Bi. Kibona akamweleza. Huku mama na mkwe wake hawaonani uso kwa uso, hawasemezani, hawali pamoja, mpaka siku mama atakapomwingiza mkwe nyumbani kwa kumpikia chakula rasmi. Chakula hicho hakijawahi kupikwa, kwa sababu baba yake Tabitha alifariki mara tu baada ya harusi, na mambo yakasimama. Ni Wakristo wa miaka mingi, wanaimba kwaya, wana simu janja, lakini mkwe ni mkwe. Toka siku ya harusi hadi leo, Mama Tabitha hajawahi kumwambia Mulenga neno lolote.

"Sasa hiyo heshima niliyoivunja inarekebishwaje?"

"Kwa kuku," alisema Bi. Kibona. "Mkubwa. Na uombe radhi mwenyewe."

Mhandisi akaenda sokoni. Namsifu kwa hilo, maana alirudi na jogoo jekundu la kutisha, akapiga magoti nyuma ya ghala, akaomba radhi kwa Kiswahili cha mwambao ambacho sidhani kama mama alikielewa chote. Jogoo likapokewa, likafungwa mguu kwenye mti wa parachichi. Wazee wakarudi kama watu waliokuwa wamekwenda kuangalia ng'ombe tu.

Nilidhani shughuli imeishia hapo. Bi. Kibona ndiyo kwanza alikuwa anaanza. Aliomba kigoda, akakiweka kwenye kona ya ghala. Upande mmoja mama ameketi, katupa mgongo. Upande wa pili Mulenga ameketi juu ya debe, anatazama miguu yake. Katikati mkemia wetu, anayepokea neno huku na kulipeleka kule, wala hapandishi sauti, wala haongezi la kwake.

"Mama anauliza, maji yanawafikia salama?"

"Eya mukwai, ndiyo. Mwambieni mama yanafika vizuri. Asihangaike."

Mimi ningeandika jibu hilo na kuondoka. Yeye alimgeukia mama na kumwambia, "Anasema yanafika vizuri, usihangaike. Kuna lingine nimpelekee?"

Jogoo liliwika mara kadhaa. Hatimaye mama akasema, "Mwulize mvua za kwanza. Zikinyesha, Tabitha anachota hapohapo?"

Swali lilipofika upande wa pili, Mulenga aliinua uso. "Nani kamwambia mama habari za mvua za kwanza?"

"Hakuna. Anauliza yeye."

"Basi mwambieni hatuchoti. Yanakuja na rangi-rangi juu, yananuka gereji. Tabitha anakwenda kisima cha mbali na mtoto mgongoni. Tunasubiri mpaka yasafike."

"Mbona hamkusema?" Bi. Kibona aliuliza, na hilo moja tu lilikuwa lake.

"Ningesemaje, bamayo, mama yangu? Nimepewa binti yao, halafu niwalalamikie maji yanayotoka kwao? Wangesema namtafutia sababu mtoto wa watu."

Bi. Kibona aliyapeleka maneno hayo yote kama yalivyo. Tulisikia mama analia, bila makelele. Kisha akasema, na safari hii alisema kwa nguvu kiasi kwamba Mulenga asingeweza kujifanya hakusikia: "Na mimi nayaona kila mwaka yakipita hapa yanang'aa. Nikanyamaza. Nilisema, wakwe wasijue kwamba sisi tunawapelekea uchafu."

Hapo ndipo nilipoelewa makofi ya jana. Karibu kila nyumba ya Bondeni imeoa au imeozesha ng'ambo. Upande wa juu wa kijito walinyamaza kwa aibu, upande wa chini walinyamaza kwa adabu, na katikati ya ukimya huo oili ilikuwa inapita bila kusumbuliwa. Niliona uchungu kweli. Hata hivyo nilistaajabu pia, kwa sababu ukimya ule haukuwa woga wala ujinga. Walikuwa wanatunziana heshima, kila upande ukibeba shida yake ili mwenzake asifedheheke.

Usiku mvua ilinyesha ya nguvu juu ya bati la nyumba ya wageni. Asubuhi Mhandisi alitufuata akiwa na buti zenye tope hadi magotini. Alikuwa amekwenda mwenyewe nyuma ya kiwanda kulitazama lile shimo la saruji. Lilikuwa limefurika, maji ya uwanja wa mapipa yanamiminika moja kwa moja bondeni.

"Halitoshi hata kwa kiwanda tulichonacho," alisema. "Nami nilitaka kukizidisha." Alikaa kwenye ngazi, akampigia bosi wake simu mbele yetu. Hakumung'unya maneno. Alimwambia shimo litengenezwe kwanza, na kwamba duara la ramani litavuka mpaka hata kama vibali vitachelewa. Sauti ya upande wa pili ilifoka muda mrefu. Yeye alishika uzi uleule hadi mwisho.

Tulipokwenda kuaga, Mama Tabitha alikuwa amevaa kitenge kipya, na harufu ya kuku ilikuwa imejaa uani. Jogoo la faini lilikuwa chunguni. Alikuwa ametuma watu alfajiri kumwita Mulenga, Tabitha na mtoto, akaita na wazee wawe mashahidi.

"Nikiendelea kumkimbia mkwe," alituambia, "tutakunywa oili wote kwa adabu."

Mulenga aliingia ameinamisha kichwa, Tabitha nyuma yake anatabasamu na kufuta machozi kwa wakati mmoja. Mama alichukua jagi na beseni, akamnawisha mikono mkwe wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Halafu akamwambia neno la kwanza maishani.

"Baba, maji ya leo yakoje huko?"

"Leo yananuka, mama."

Wazee wakapiga makofi, na Bi. Kibona akaniangalia kunionyesha kwamba haya sasa ndiyo yenyewe. Tulikula jogoo lile. Lilikuwa gumu, hata Mhandisi alikiri.

Tulirudi njia ileile, Vwawa, Ruanda, Mbeya. Garini tulikuwa na chupa za maji ya kijito kutoka pande zote mbili, na mpango mpya ambao ndani yake nyumba ya Mulenga imo, msimu wa mvua za kwanza umo, na imeandikwa kwamba wakwe wasiulizwe mkutanoni bali kupitia mshenga. Sijui kiwanda kitapanuliwa au hakitapanuliwa, hilo litaamuliwa na vipimo. Nilichojifunza ni kwamba watu wakikujibu "hakuna tatizo," kabla hujaandika, uliza wanamstahi nani. Bi. Kibona nilimwambia hivyo tukiwa Kitonga. Akanijibu kwamba kwao Mbebe hata mtoto analijua, kisha akalala.

Juzi simu yangu iliita nikiwa ofisini. Alikuwa Mama Tabitha, anatusalimia wote. Nikamuuliza habari za kijito.

"Nimeongea na mkwe leo asubuhi," alisema, na sauti yake ilikuwa na fahari kama ya mtu anayetaja jina la mwanawe aliyefaulu. "Sasa kila siku lazima anipigie. Anasema leo hayanuki. Lakini nimemwambia, baba, usiyanywe bado. Ngoja kwanza niyanywe mimi."