Mgando Ulikuwa wa Mgeni

Nyumbani kwetu, nje kidogo ya Tseikuru, makosa ya kuchapiwa yalikuwa mengi, lakini lililomuudhi mama kuliko yote ni kutikisa kitete cha maziwa kabla yeye hajafika. Maziwa yalilala kwenye kibuyu hicho mpaka yakaganda, na maji yake yakajitenga, ya rangi ya njano inayokaribia kijani. Mama alikiinamisha taratibu, akazuia mdomo wake kwa mwiko, maji yakatoka na mgando ukabaki. Mgando ulikuwa wa mgeni, naye alipewa kwenye glasi. Pasipokuwa na mgeni tuliunywa sisi sote kutoka kata moja, mkono kwa mkono, mama akianza. Mgeni akiwapo, sisi tulikorogewa usuu, ule uji wetu wa mtama, kwa yale maji. Na kwetu wageni hawakuisha. Mimi nilikuwa mlafi mwenye hasira za karibu, nikawachukia wote kwa jumla, wa kanisani wakiwa mstari wa mbele.

Leo maji hayo ndiyo kazi yangu. Niko kwenye kiwanda kidogo cha jibini upande wa Kibwezi. Jibini likishatolewa, maji yanayobaki ni mengi kuliko jibini lenyewe. Zamani nguruwe ndio waliopewa maji hayo, na waliposhiba yakamwagwa, mtaro ukanuka mpaka majirani wakaja juu. Ndipo ikaletwa filta. Ndani ya mabomba ya chuma kuna utando uliokunjwa kama mkeka, wenye matundu ambayo jicho halioni. Pampu inapitisha maji ya jibini juu ya utando huo kwa nguvu. Maji matupu, chumvi na sukari ya maziwa vinapenya, lakini protini ni kubwa mno, inabaki. Inarudi kwenye tangi, inazungushwa tena na tena, na kila inaporudi ni nzito zaidi, mpaka inakuwa na rangi ya krimu na kumiminika kama uji mwepesi.

Utando hautaki pupa. Ukizidisha presha, protini inajibandika juu yake na kuuziba, na hapo utaosha mpaka mgongo ulie. Mimi nisiye na subira nimefundishwa subira na kipande cha plastiki. Siku ya kwanza nilipoelewa ni nini tunachokichuja, nilicheka peke yangu hadi msimamizi akaniuliza kama niko sawa. Miaka yote ile tuliyonung'unikia usuu wetu, tulikuwa tunakunywa protini ambayo watu wa mjini wanaitafuta kwa tochi.

Nisingekumbuka haya yote kama mama asingeanza kupungua. Meno yamemwisha, nyama hatafuni, mayai anasema yananuka, maharagwe yanamvimbisha tumbo. Mwaka huu alifikia mahali hawezi kuinuka kwenye kigoda bila kushika ukuta. Daktari wa Mwingi alimpima, akaniambia waziwazi kwamba mwili wake unajila wenyewe, apate protini kila siku la sivyo hatutakuwa naye muda mrefu. Nilitoka pale. Kisha nikawaza: protini? Mimi si naogelea ndani yake?

Msimamizi alinikubalia. Nikajaza chupa, nikazipanga kwenye kisanduku cha barafu, nikazituma hadi kwa wifi yangu, mke wa kaka, anayeishi na mama na mwenye friji dukani kwake. Jioni akanipigia simu.

"Dada, hii kitu imeshikana kama mayai! Sasa nifanye?"

Alikuwa ameichemsha. Kwetu maziwa ya kununua hayanywewi kabla ya kuchemka, na nani angemlaumu? Nilimweleza kwamba imeshapashwa moto kiwandani kabla ya kuchujwa, na protini hii haitaki moto tena. Uji upoe kwanza, ndipo atie.

Nikatuma nyingine. Wiki zilipita, na mama hakunenepa hata kidogo. Wifi alinificha kwanza, halafu akasema: mama anaionja, anasema ni nzito na tamu, kisha anaiweka. Wakija akina mama wa maombi, wanapewa wao. Akija mchungaji, naye anapewa. Kanisa zima lilikuwa linanawiri kwa jasho langu.

Nilipanda gari kwenda nyumbani nikiwa nimejaa maneno. Mama alinipokea mlangoni, akiwa mwepesi mikononi mwangu kiasi kwamba niliogopa kumkumbatia kwa nguvu. Akaniketisha, akatoa glasi kabatini, akaipangusa kwa leso, akanimiminia ile ile niliyomtumia.

"Mwaitu, hii ni yako," nilimwambia, nikimwita mama kwa lugha ya kwetu. "Daktari alisema unywe wewe."

"Daktari hakusema nimnyime mgeni."

"Mgeni gani? Wageni wameenda."

Aliutazama mfuko wangu ambao ulikuwa bado mlangoni, haujafunguliwa.

"Si ni wewe? Jumapili si unarudi?"

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma hivyo. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia kama mtoto aliyenyimwa, kisha nikampigia msimamizi simu, nikamwomba likizo yangu yote kwa mpigo.

Nilifungua mfuko. Nguo nikatundika kwenye kamba, karibu na zake. Nikachota maji, nikapukuchua mahindi, nikatoka na mbuzi. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama hajui msemo huo. Jembe nililichukua mwenyewe, na bado kila asubuhi glasi iliningoja mezani, yeye akijikorogea usuu wake kwa maji matupu. Kila nilipokataa, aliifunika kwa kisahani na kumngoja mgeni mwingine.

Kisha nikasahau kufunga zizi. Mbuzi walitoka wakaingia kwenye kunde zake, wakazila hadi kwenye vikonyo. Nilisikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa shule ya msingi.

"Wewe! Hizi macho zako ni za kazi gani? Umekuja kunimalizia shamba?"

Wifi alitoka dukani kutazama. Mimi, mtu mzima na watoto wangu, nilisimama katikati ya kunde nimeinamisha kichwa. Moyoni nilifurahi kupita kiasi, hata nikaogopa nitacheka na kuongeza kosa.

Mama alirudi jikoni akinung'unika na kushika ukuta. Nilimfuata. Aliipita glasi, akachukua kata, akamimina ile nzito, akakaa kwenye kigoda na kuinywa kwanza yeye, taratibu, mpaka koo lake jembamba likapanda na kushuka mara nyingi. Akajifuta mdomo. Akanipa iliyobaki bila kunitazama.

"Maliza haraka," alisema. "Mbuzi wako wawili bado wako kwa jirani, na mimi siendi kukuombea msamaha."