Karai la Susu

Nilipokuwa mtoto kule Kithyoko, mbwa wetu Bosi aliniuma mguuni, akatoroka, na kesho yake akaokotwa amekufa, povu mdomoni. Baba alinipeleka hospitali Machakos nikadungwa sindano, tukaambiwa turudi kwa zingine. Hatukurudi. Kidonda kilipona vizuri, hata hakikuvimba.

"Ameshapona. Kurudi Machakos ni kwa nini?" Baba alisema.

Susu, mama yake Baba, alikibonyeza kile kidonda kwa kidole. "Kimenyamaza sana hiki. Sikipendi."

Susu aliamini kwamba mbwa mwenye kichaa akikuuma huingia ndani yako, akapanda polepole mpaka kichwani. Akifika huko, sura yake huonekana kwenye maji, na maji hayo hutayanywa tena. Basi kila asubuhi alinijazia karai pale langoni, penye mwanga, kando ya njia ya shule.

"Mwende, unaona nani?"

"Mimi."

Wenzangu wakipita walinibwekea. Woi, aibu niliyoiona! Nilimchukia Susu, nikalichukia na karai lake. Siku moja walisimama wote kutazama, nikashindwa kuvumilia. Nikapiga kelele, "Namwona Bosi! Umefurahi sasa?"

Susu akamwaga maji yote. "Asi! Mwanangu!" Akanibeba mgongoni, mtoto mkubwa hivyo, akakatisha sokoni akilia, kanga ikiburura vumbi. Baba alitukimbilia, akaona haya mbele ya watu, akatupeleka Machakos. Nikamaliza sindano zote.

Maisha yake yote Susu aliwasimulia wageni jinsi karai lilivyoniokoa. Wageni walicheka, nami nilicheka nao, nikiwakonyeza. Alizikwa bila kusikia kutoka kwangu neno la asante.

Mwezi uliopita mwanangu Kyalo aliumwa na mbwa huku Lukenya. Alipata sindano ya kwanza. Ya pili ikanikuta kazini, nikaahirisha. Nesi akanipigia. "Mama Kyalo, mbona hamjarudi?"

"Lakini kidonda kimepona," nilimjibu.

Nilijisikia nikisema, nikamsikia Baba.

Tulipofika hospitalini, nesi alinieleza bila kunifokea. Kirusi hiki, alisema, hakizushi vita pale kilipoingilia. Kinajificha ndani ya mishipa ya fahamu, kinapanda kimyakimya kuelekea kwenye ubongo, na zile chembe za damu zinazoulinda mwili hazijui kuna mgeni. Zikija kushtuka, kimeshafika, na mgonjwa anaogopa hata maji ya kunywa. Sindano inazionyesha sura yake mapema, na lazima irudiwe ili zisiisahau.

Sura yake. Nilishindwa kumtazama yule nesi usoni. Nina diploma, nina simu ya kunikumbusha kila kitu, na mwanangu nilimwachia kidonda kilichonyamaza. Mwanamke niliyemcheka miaka yote hiyo hakukosa kulijaza karai hata asubuhi moja.

Kyalo alidungwa, akalia kidogo, akaomba maji. Nilimshikia kikombe nikamtazama mpaka akayamaliza yote.